Nani amekula shilingi 2,860 zangu?

Shikamoo Babu Daftari,

Mimi ni mama wa miaka 47, nauza mitumba pale Memorial, Moshi, magauni na mashuka. Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, alifariki mwaka juzi. Mafao yake yalitoka mwezi wa tatu, na baada ya kulipa madeni ya hospitali na ya msiba nimebaki na shilingi milioni 18. Sijawahi kushika pesa ya namna hii. Tangu iingie benki silali vizuri, maana kila mtu amekuwa mshauri wangu.

Shemeji mkubwa anataka tununue kiwanja Njia Panda, anasema ardhi haiozi. Mama mkwe anasema ng'ombe. Wifi yangu wa Sakina, Arusha, ana kundi la WhatsApp wanaloliita mfuko wa pamoja. Unaweka milioni moja, unapata asilimia 30 kwa mwezi, na yeye anasema ameshavuna mara mbili. Mwanangu wa kwanza, ambaye yuko chuo huko huko Arusha, ananiambia: mama, achana na hao wote, nunua vipande.

Mwezi wa sita nilimpa laki tano ajaribu. Akaingiza kwa simu yake, haikuchukua hata dakika kumi. Aliporudi likizo akaniletea karatasi imeandikwa vipande 812.453. Nikamuuliza, hiyo nukta ya nini, kuna kipande kimekatwa? Akacheka. Bei ya kipande ilikuwa 615.42. Juzi nimemwambia aangalie tena, bei imekuwa 611.90 na pesa yangu imekuwa 497,140. Babu, nimepiga hesabu nyuma ya daftari la madeni la biashara: imepungua shilingi 2,860. Mwanangu aliniambia kwa kinywa chake kwamba hii haishuki. Sasa kama hakuna aliyeila, imekwenda wapi?

Shemeji aliposikia akapata la kusema: huo mfuko ni wa serikali, wanachukua pesa zenu wanajengea madaraja, siku likibumburuka mtamdai nani?

La mwisho ni kikoba chetu. Tuko wanawake 24, tunakutana Alhamisi, hisa moja 5,000. Sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu, mimi ni mmoja wao. Sasa hivi kuna milioni 11, na Desemba tunavunja. Mweka hazina naye amesikia habari ya vipande, anasema pesa inalala bure sandukuni, tuipeleke huko ikazae, na ili kukwepa usumbufu wa makaratasi yeye ataiingiza kwa jina lake. Nusu wamekubali, nusu wamenuna. Alhamisi iliyopita nusura tuvuane vitenge.

Nina binti kidato cha pili, bweni, na Januari natakiwa ada milioni moja na laki sita. Nifanye nini?

Mama wa Memorial, Moshi

*

Marahaba mama, na pole kwa msiba. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kikokotoo mkononi. Miaka 31 nilikuwa mkaguzi wa vyama vya ushirika, na mkono haujasahau.

Hesabu yako iko sawa. 812.453 mara 611.90 ni 497,140 kasoro senti. Wapo watu wenye digrii waliokaa na vipande miaka mitatu na hawajawahi kuzidisha tarakimu hizo mbili kama ulivyofanya wewe nyuma ya daftari la madeni. Ila jibu la swali lako ni kwamba hakuna aliyeila. Angalia tena karatasi: vipande ni 812.453 siku ile na ni 812.453 leo. Angekuwepo mwizi angechukua vipande. Kilichosogea ni bei.

Wewe unajua belo. Chukulia mko kumi, mmechanga mkanunua belo moja la magauni gredi ya kwanza. Aliyetoa zaidi anamiliki sehemu kubwa zaidi, na aliyetoa hela isiyogawanyika vizuri ana sehemu yenye nukta, kwa sababu belo halikukatwa kwa ajili yake. Jioni mmoja wenu anataka kutoka. Mtamlipa kiasi gani? Hamwezi kumlipa alichotoa asubuhi. Mtafungua, mtatazama magauni yaliyobaki, mtajiuliza Memorial ya leo inanunua kwa bei gani, mtaongeza fedha zilizokwishauzwa, mtatoa hela ya mbebaji na ushuru, kisha mtagawa kwa sehemu zote. Soko likiwa limezubaa siku hiyo, sehemu yake itakuwa ndogo kuliko ya jana, na hakuna gauni lililoibiwa.

Mfuko wa uwekezaji wa pamoja ni belo hilo. Wananchi wanachanga, meneja ananunua vitu kwa niaba yao, na kila siku ya kazi vitu vyote vinathaminiwa kwa bei ya soko, gharama zinaondolewa, kinachobaki kinagawanywa kwa idadi ya vipande. Tarakimu inayotoka ndiyo thamani halisi ya kipande, hiyo 615.42 na hiyo 611.90. Ada ya meneja nayo imeshatolewa kabla hujaoneshwa bei, ndiyo maana watu wengi wanadhani hawalipi chochote. Wanalipa. Hawaletewi risiti, basi.

Nadhani kilichokuchanganya zaidi ni neno hisa. Kwenye kikoba hisa ni 5,000 Januari na ni 5,000 Novemba, haijui kushuka. Hisa ya kampuni ni mnyama mwingine kabisa. Benki ya CRDB ilipouza hisa zake kwa wananchi mwaka 2009 bei ilikuwa shilingi 150. Miaka kumi baadaye, mwishoni mwa 2019, zilikuwa zinauzwa chini ya hapo kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam. Kufikia 2024 zilikuwa zimepita 500. Hisa ni ile ile. Aliyeuza kwa hasira 2019 alikula hasara, aliyesahau cheti chini ya godoro akacheka. Kwa bei uliyoniandikia, iliyoshuka ndani ya muda mfupi, mfuko aliokuchagulia mwanao huenda una hisa ndani yake. Si mfuko mbaya. Ila kukuambia haishuki alikosea, na umwambie mimi nimesema.

Mifuko haifanani, na hili ndilo angekueleza kabla ya kubonyeza simu. Chukua ile inayosimamiwa na UTT AMIS, kwa kuwa ndiyo inayojulikana zaidi kwetu. Mfuko wa Umoja ndio mkongwe, ulianza 2005, umechanganya hisa za kampuni na mikopo kwa serikali. Wa Hatifungani, wa mwaka 2019, umeegemea kwenye hatifungani zenyewe, yaani mikopo ya muda mrefu yenye riba, na una mpango wa kukulipa kila mwezi au kila miezi sita kwa anayetaka hela ya matumizi. Wa Ukwasi unaweka fedha kwenye amana za benki na mikopo mifupi. Haukui kwa kishindo, lakini hauna papara, na ukitaka fedha yako huipati baada ya miezi bali ndani ya siku chache za kazi. Kuna wasimamizi wengine siku hizi, wa umma na binafsi. Kila mmoja ana waraka wake unaoeleza ni asilimia ngapi inakwenda wapi. Waraka wenyewe unachosha kuusoma, nakubali. Soma ukurasa wa mahali fedha zinapowekwa na ukurasa wa gharama za kuingia na kutoka, mwingine mwachie mwanao asome, ana macho.

Sasa shemeji. Shemeji yako amesema nusu ya ukweli, na nusu hiyo ni muhimu kuliko anavyodhani mwenyewe.

Ni kweli fedha nyingi za mifuko hii zinafika serikalini. Zinafika kama mkopo. Serikali ikiwa na pengo kwenye bajeti inakopa, na Benki Kuu inaendesha mnada kwa niaba yake. Kuna dhamana za muda mfupi, zisizozidi mwaka, na kuna hatifungani za miaka 2 hadi 25. Wewe mwenyewe ukiwa na milioni moja unaweza kwenda kwenye benki yako au kwa wakala wa soko la mitaji ukashiriki mnada, na riba utalipwa kila miezi sita. Mwaka 2021 hatifungani ya miaka 25 ilipoanza kuuzwa ilikuwa na riba ya asilimia 15.95 kwa mwaka. Mwaka uliofuata za aina hiyo hiyo zikatolewa kwa asilimia 12.56. Ona kilichotokea: aliyeshika ile ya zamani ameshika kitu ambacho serikali haikitoi tena, kwa hiyo akitaka kukiuza, mnunuzi atamwongezea hela juu. Ndiyo maana hata mfuko wenye hatifungani tupu bei yake inasogea. Riba mpya zikishuka, za zamani zinapata thamani, na zikipanda, za zamani zinadoda kama makoti mazito mwezi wa Desemba.

Kwa hiyo shemeji akikuuliza utamdai nani, mwambie serikali, kwa maandishi, yenye tarehe na asilimia. Anaweza kukuuliza tena, je, serikali ikishindwa kulipa? Hilo ni swali halali, na jibu lake ni kwamba siku hiyo hata benki ilipo milioni 18 yako itakuwa taabani, kwa sababu benki nazo zimejaza hatifungani hizo hizo makabatini.

Halafu mkumbushe jambo moja, kwa upole maana ni mkubwa wako. Marehemu kaka yake alikuwa mwekezaji maisha yake yote ya kazi bila kuulizwa. Kila mwezi mshahara wake ulikatwa asilimia 5, mwajiri akaongeza asilimia 15, ikaenda kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii. Mifuko ya watumishi wa umma iliunganishwa mwaka 2018 ikazaliwa PSSSF. Unafikiri fedha hizo zilikaa kwenye kabati? Zilikwenda kwenye hatifungani, kwenye amana za benki, kwenye majengo, kwenye hisa. Ukipita Karanga hapo, kile kiwanda cha ngozi kina mkono wa PSSSF ikishirikiana na Jeshi la Magereza. Na daraja, basi, analo: daraja la Kigamboni lililofunguliwa 2016 lilijengwa na serikali pamoja na NSSF, mfuko mwingine wa hifadhi ya jamii, sehemu kubwa ya hela ikiwa ya NSSF, yaani michango ya wafanyakazi. Mimi sioni aibu kujenga daraja kwa hela ya watu. Ninachouliza ni kama linalipa, na nani anakagua hesabu zake. Wengine huona aibu kuuliza hilo kwa vile ni mali ya umma, kumbe ndiyo sababu hasa ya kuuliza.

Ila tofauti ipo. Kwenye hifadhi ya jamii marehemu hakuchagua kiwanda wala daraja, na mafao yake yalipigwa kwa kanuni ya miaka ya kazi na mshahara. Kiwanda kikifanya vibaya mwaka huu, mafao yako hayakatwi wiki ijayo. Kwenye vipande unachagua mwenyewe, unatoka unapotaka, na soko likikohoa unalisikia siku hiyo hiyo. Ndicho ulichosikia, kikohozi cha shilingi 2,860.

Kuhusu nani anashika fedha, wewe ndiye mtu wa mwisho katika Moshi nzima wa kufundishwa hilo, kwa sababu unalala na ufunguo. Kwa nini sanduku lenu lina kufuli tatu? Kwa sababu anayeandika daftari asiwe ndiye anayefungua, na anayefungua asiwe peke yake. Mfuko halali umefungwa vivyo hivyo. Meneja anaamua nini kinunuliwe lakini mali hakai nayo. Mali zinatunzwa na benki, kando kabisa na fedha za meneja. Juu yao kuna wasimamizi wa maslahi ya wenye vipande, kuna mkaguzi wa nje, na kuna Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, iliyoundwa kwa sheria ya 1994, ambayo bila leseni yake hakuna anayeruhusiwa kuchangisha wananchi kwa namna hii. UTT AMIS ni kampuni ya serikali, shemeji yuko sahihi hapo. Mali zilizo ndani ya mfuko si za serikali wala si za kampuni, ni za wenye vipande. Ni sawa na sanduku lenu: lingenunuliwa na mwenyekiti kwa hela yake, zile milioni 11 bado zisingekuwa zake.

Kufuli hizo zinazuia wizi. Kushuka kwa bei hazizuii, na bima ya amana inayolinda akiba za benki haigusi vipande. Usije ukasema Babu hakukuambia.

Kundi la wifi halinipotezei muda. Nimepiga hesabu moja tu. Ukiweka milioni yako 18 kwa asilimia 30 kila mwezi na faida ikarudishwa ndani, baada ya mwaka utakuwa na milioni 419. Serikali nzima, yenye mamlaka ya kutoza kodi, inakopa kwa asilimia kumi na kidogo kwa mwaka. Kama kuna mtu Arusha ana mashine ya asilimia 30 kwa mwezi, angekopa benki akanyamaza, asingehangaika kutafuta milioni moja ya muuza mitumba. Wifi kuvuna mara mbili si ushahidi. Ndivyo upatu unavyofanya kazi, wa mwanzo wanalipwa kwa hela ya waliofuata ili wakawe wahubiri. Mwaka 2009 upatu wa DECI ulipokuja kusimamishwa, walikuwepo watu wengi waliokuwa wameshapanda na kuvuna, na wakashuhudia makanisani. Mwulize wifi swali moja: leseni namba ngapi, na mali ziko benki gani? Akikujibu kwa sauti ya WhatsApp iliyotumwa na mtu mwingine, umeshajibiwa. Kisha msihi atoe alichobakiza, kama bado kinatoka.

Sasa kikoba, na hapa ndipo nilipoweka kalamu chini nikaenda kunywa maji.

Wazo la mweka hazina si baya. Milioni 11 kukaa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda cha mtu ni hatari kwa kila namna. Ila kuiingiza kwa jina lake ni kuvunja kufuli zote tatu kwa mpigo mmoja. Simwiti mwizi, huenda ni mwaminifu kuliko mimi. Lakini siku akiugua, akifariki, akidaiwa mahakamani, au akigombana na mumewe, vitabu vya mfuko vitasema vipande ni vyake. Watakuja warithi wake na barua ya mahakama, na ninyi 23 mtakuja na daftari la kikoba lenye madoa ya chai. Nimekaa kwenye vikao vya aina hiyo. Mtu aliyekuwa anaitwa dada wa kikoba anageuka kuwa mlalamikaji namba moja, na wanaoumia ni watoto ambao hawakujua hata siku ya mkutano.

Kikundi kinaweza kufungua akaunti kwa jina la kikundi. Mtatakiwa muwe na katiba, muhtasari wa kikao uliosainiwa, na majina ya watia saini. Kama hamjajisajili halmashauri chini ya sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018, hii ndiyo sababu ya kwenda. Usumbufu wa makaratasi anaoukwepa ndiyo kufuli yenyewe. Wekeni watia saini watatu, hao hao wenye funguo, mradi kusiwe na mmoja anayeweza kutoa peke yake.

Na hata mkifanya hivyo, msipeleke zote. Mnavunja Desemba. Kuna mwenzenu amepanga hela hiyo kwa ajili ya bati, mwingine ada, mwingine nauli za wageni wa Krismasi, maana sote tunajua Desemba ya uchagani inavyokula. Hela yenye miezi michache ya kuishi haiendi kwenye mfuko wenye hisa. Ama ikae kwenye akaunti ya benki ya kikundi, ama kwenye mfuko wa aina ya ukwasi, na mtoe mapema, wiki mbili kabla ya siku ya mgao, msingoje siku yenyewe. Ule mfuko wa jamii wa kikoba, wa misiba na ugonjwa, ambao hauvunjwi, huo mnaweza kuufikiria kwa muda mrefu zaidi.

Milioni 18 zako nitazigusa kwa kifupi, kwa sababu sijui hali yako yote. Ada ya Januari itenge leo, na ya mwaka unaofuata pia, mahali pasipo na mshangao. Tenga na hela ya miezi mitano sita ya chakula na kodi ya kibanda. Weka mtaji wa biashara unaoujua. Hakuna mfuko unaoujua kama unavyojua belo. Kinachobaki, ambacho hutakihitaji kwa miaka mitatu na zaidi, ndicho cha kufikiria vipande, na kwa mtu asiyelala kwa sababu ya shilingi 2,860 ningeanzia kwenye hatifungani kabla ya hisa. Sikucheki. Usingizi nao ni hesabu, na ni bora kujua mapema kwamba wewe si mtu wa hisa kuliko kulijua siku zimeshuka kwa laki tatu. Usiingize zote siku moja. Mfumuko wa bei 2023 na 2024 ulikuwa kati ya asilimia 3 na 4, kwa hiyo hela ikikaa akaunti ya kawaida miezi sita wakati unajifunza haitaoza. Kiwanja si dhambi, ukiona hati kwa macho yako na jina likawa lako, si la ukoo. Ng'ombe nakuachia wewe na mama mkwe.

Nimebakiza jambo moja, na limenikaa kooni tangu nilipofika kwenye ile sentensi ya kwamba mwanao aliingiza kwa simu yake. Akaunti ya vipande hufunguliwa kwa kitambulisho cha mtu na namba ya simu ya mtu. Umenitajia idadi, umenitajia bei, ukanitajia hata nukta. Hukunitajia jina lililoko juu ya karatasi. Kama ni la mwanao, basi kwa vitabu vya mfuko wewe huna kipande hata kimoja, na hilo ni kubwa kuliko 2,860 mara mia. Sisemi kijana amefanya hila. Kwa umri wake kutumia simu yake kulikuwa rahisi, akafanya lililo rahisi. Usimfokee. Mwambie akufungulie akaunti kwa kitambulisho chako na laini yako ya simu, uandikishe na warithi wako, kisha muulizane na ofisi ya mfuko namna ya kuhamisha au kuuza hivyo 812.453 na kununua upya. Ukiambiwa kuna makato ya kutoka, yalipe.

Itoe karatasi hiyo leo jioni, itazame pale juu kabisa, halafu niandikie jina uliloliona.

Babu Daftari
Soweto, Moshi